Kibuyu Kimoja, Aksio Makumi Ine

Leo siku ya tano ya juma. Mvua inapiga bati tangu asubui, ukungu umefunika kilima chote, na mimi nacheka peke yangu kama mulevi.

Wewe shajara ya ndani ya telefone, unajua nilisoma mpaka mwaka wa ine tu. Mwalimu alinifukuza juu nilimuiga namna anatembea. Lakini ng'ombe, ile najua. Niliuza ng'ombe yangu Bihogo, nikanunua aksio makumi ine za fromajeri yetu, kiwanda cha jibini. Aksio ni kipande cha kiwanda: fromaji zikiuzwa vizuri, mwenye kipande anakula faida. Nilitembea hapa Masisi kama gavana.

Halafu barabara ya Goma ikaharibika. Fromaji zikajaa mu stoki, zinanuka kama soksi za katekista. Bei ya aksio moja ikaanguka: dolari kumi, saba, ine.

Ine!

Nakiri, niliogopa. Kila asubui nilienda kwa duka ya Papa Kasereka, muchuuzi wa Butembo, mwenye anaandika wenye kuuza na wenye kununua aksio. Naangalia bei kwenye kibao chake kama muntu anachungulia ng'ombe mugonjwa. Nyumbani, bibi yangu Mama Furaha hanipi amani. Kila chakula wimbo ni ule ule: «Uza, muzee! Uza mbele zifike zero!» Tangu tuoane hajanionea huruma namna ile. Nilipaswa kushuku.

Leo nikavaa buti, nikashuka kuuza zote. Papa Kasereka akatoa bic mbio mbio, aandike. Ati iko muntu anazichukua zote kwa dolari tatu tatu.

«Muite, tukunywe,» nikamuambia.

«Tukunywe nini, Papa?»

Kwetu ng'ombe haiuzwi kavu kavu. Mwenye kuuza na mwenye kununua wanakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mu kibuyu kimoja, mbele ya watu. Wakikunywa, njo ng'ombe imehama, hairudi tena. Nikamuelezea.

«Papa, hii ni aksio. Haina mukia.»

«Mukia ilibaki kwa Bihogo. Niletee muntu.»

Akaanza kutoka jasho. Ati mwenye kununua hapendi kuonekana. Basi mimi nikakaa juu ya karto ya sabuni, na mama mumoja mwenye alitaka ile sabuni akaanza kumulalamikia yeye, si mimi. Mwishoni akatuma neno. Nikangoja. Nani akaingia, kitenge kimelowa, kibuyu mukononi?

Bibi yangu.

Mama Furaha, muuza maharagi, mwenye anabisha bei ya chumvi mpaka muchuuzi analia! Alikuwa ananunua aksio kidogo kidogo tangu bei ianze kuanguka. Nikamuuliza kama hana haya.

«Barabara itatengenezwa, na ng'ombe bado zinatoa maziwa,» akasema. «Lakini wewe, muzee, unaogopaka mbio. Nikaona woga wako, heri faida yake nikule mimi kuliko jirani.»

Duka yote ikapiga makofi. Mimi pia. Nikapokea kibuyu, nikameza vizuri, nikamurudishia, naye akameza. Halafu nikapanguza midomo nikatangaza kwa sauti kubwa: kama mwanamuke wa namna hii anazitaka, basi ziko na nguvu. Siuzi hata moja!

Yule mama wa sabuni akaniangalia kwa upole.

«Papa, si umeshakunywa?»

Watu kumi na mbili walikuwa wameona. Nilikuwa nimewafundisha sheria mimi mwenyewe, dakika chache mbele ya pale, nikiwa juu ya sabuni yao.

Nikatia sinyatire, sahihi yangu, kwa karatasi. Mama Furaha akalipa palepale, hakubisha hata kidogo, na ile njo iliniuma zaidi. Bihogo yangu imegeuka pesa ya mbuzi mbili. Lakini tulipanda kilima pamoja chini ya mwavuli moja, tukicheka mpaka tukaanguka mu matope, na nikagundua kwamba kwa uzee wangu nalala karibu na bosi.

Sasa najiuliza: kesho nianze kumuita Madame Direktrisi, ao ningoje kwanza bei ipande?