Meza ya Nyuma kwa Ta Fideli

Jumapili. Mvua ilianza alfajiri na imeacha saa nne. Migomba bado inadondosha maji juu ya bati la jiko. Leo sikwenda kanisani.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Ule mgahawa sikuuchagua kwa sababu ya chakula. Niliuchagua kwa sababu ukikaa meza ya nyuma, mtu anayepita barabarani hawezi kukuona.

Naandika hapa kwa kuwa blogu hii haina jina langu. Daftari langu liko chumbani, na chumbani amelala Mama.

Mama anaumwa saratani. Ni mara ya kwanza naliandika neno hilo. Nyumbani tunasema tu "safari ya Mwanza". Anakwenda, anatundikiwa dawa, anarudi, anakaa na mimi siku kadhaa, anakwenda tena. Nywele zilinyonyoka zote baada ya safari ya kwanza. Mashavu yameingia ndani. Gauni lake la zambarau la kanisani, ambalo fundi aliambiwa aliachie kidogo kiunoni, sasa analikusanya kwa pini mbili mgongoni.

Huku kwetu mtu akikonda namna hiyo, watu wazima wana jibu moja tu. Walizika wengi mno miaka ile ya UKIMWI, kabla sijazaliwa, na walijifunza kumtazama mtu shingo na viganja. Nadhani si ubaya. Nadhani ni mazoea. Lakini Jumapili moja, nikiwa nimesimama nyuma ya nguzo ya kanisa nikijifanya nasoma kitabu cha nyimbo, nilimsikia Ma Adventina wa umoja wa wanawake akimwambia mwenzake, "Yule ni ile ile ya zamani. Mume mwenyewe anakaa visiwani, unadhani huko anasali?"

Wakacheka kidogo. Baba ananunua dagaa kwenye visiwa vya Muleba na huja nyumbani mara chache.

Nilipaswa kutoka nyuma ya ile nguzo. Nilifungua ukurasa mwingine.

Tangu siku hiyo sikutaka Mama aonekane. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa namkinga na maneno ya watu. Nilikuwa najikinga mwenyewe. Nasoma kidato cha tatu, huwa nakaa dawati la mwisho, na jambo ninalolijua vizuri kuliko hesabu ni kupita mahali bila mtu kugeuka.

Sasa habari ya mgahawa.

Wodini huko Mwanza kuna televisheni ukutani. Siku moja ilionyesha mji wa Waitaliano, watu wamekaa nje ya kimgahawa cha mtaani wanakula tambi zenye maziwa, na hakuna aliyekuwa na haraka. Mtu anakula kidogo, anaweka uma, anaongea, anasahau kama anakula. Mama na mwenzake wa kitanda cha jirani, mwanamke wa Geita aliyeitwa Mama Furaha, walicheka sana. Mama Furaha akasema, "Hawa hawana mifugo ya kufungulia?" Wakaahidiana kwamba dawa zikiisha kila mmoja atakwenda kula hivyo, kwao, kisha watapigiana simu kusimuliana.

Mama aliporudi wodini safari iliyofuata, kitanda cha jirani kilikuwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo aliporudi nyumbani wiki mbili zilizopita hakusubiri tena dawa ziishe. Alisema, "Koku, nataka kula zile tambi. Si hotelini kwa wakubwa. Mahali pa kawaida pa mtaani, tukae, tusifukuzwe. Wewe ni msomi, nichagulie." Baba alituma ujumbe kutoka kisiwani kwamba nimpeleke popote anapopataka.

Nilifanya uchaguzi kama ninavyofanya kazi za shule, kwa bidii. Wiki nzima nikitoka darasani nilipita kwenye migahawa. Mmoja uko karibu na ziwa, una tambi na una upepo mzuri, lakini kwaya yetu huenda kunywa soda pale. Mwingine uko karibu na soko, una kioo kikubwa mbele, na waliokaa ndani wanaonekana kama mikate dukani. Wa tatu ni wa Ta Fideli, kule mtaa wa Bakoba, nyuma ya fundi cherehani. Ta Fideli ni mzee aliyewapikia mapadri wa Kiitaliano tangu ujana wake, na walipoondoka akajenga tanuri la matofali uani kwake na kuweka meza sita. Nilichungulia. Meza ya nyuma iko kwenye kona, kati ya ukuta na tanuri.

Nilimwambia Mama, "Nimepata. Pametulia."

Alifurahi. Alisema nina akili ya kufikiria wagonjwa.

Jana tulikwenda. Alivaa gauni la zambarau na kilemba cha kijani, na akajipaka mafuta mikononi mpaka yakang'aa. Tulipoingia niliona meza zote tupu. Mama alitaka ile ya mbele, chini ya mpapai, kwenye mwanga. Nilisema pale pana vumbi. Akanifuata hadi kwenye kona.

Kabla hatujaagiza alifungua mkoba akatoa kikapu chake kidogo cha kahawa. Kwetu mgeni hapewi neno kabla hajapewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa, na anayegawa ni mwenye nyumba. Maisha yangu yote nimemwona Mama akigawa. Jana alikisukuma kikapu upande wangu.

"Nigawie. Leo mwenye nyumba ni wewe, mimi ni mgeni wako."

Nilimgawia punje mbili. Aliziweka shavuni bila kutafuna. Hapo ndipo nilipopaswa kukumbuka.

Kuna karatasi aliyopewa Mama wodini kuhusu vidonda vya mdomoni vinavyoletwa na zile dawa. Ilikuwa ya Kiingereza. Mimi ndiye niliyemtafsiria Mama, mstari kwa mstari, na mimi ndiye niliyeibandika kwenye mlango wa jiko. Vyakula laini. Visiwe vya moto. Visiwe vikavu. Asile nyanya wala kitu chenye uchachu. Naijua kwa moyo.

Ta Fideli alikuja akifuta unga mikononi. Ni mrefu na ana sauti ya chini.

"Karibuni waitu, jamaa zangu. Tambi zangu hazitoki kwenye pakiti, nakanda sasa hivi. Mnipe kama saa nzima. Mkae, mwongee, mama huyu aone ufundi wa uzee wangu."

"Saa nzima ndiyo tuliyoijia," Mama alisema, akaegemea kiti.

Wakati huo huo, ng'ambo ya ukuta, kwa fundi cherehani, nilisikia sauti. Ma Adventina alikuwa anapima sare ya umoja wa wanawake. Alisema kiuno kimebana, fundi akasema si kiuno ni sikukuu, wakacheka. Alikuwa umbali wa hatua kumi kutoka tulipokaa. Angetoka pale, angepita mbele ya mlango wa Ta Fideli, angesikia harufu, angechungulia. Mama ana sauti inayojulikana.

Nikamuuliza Ta Fideli ni kitu gani kiko tayari.

"Piza. Iko moja tanurini, aliyeiagiza amechelewa."

"Tutakula piza," nilisema.

Ta Fideli alimtazama Mama, akatazama midomo yake. Nadhani alielewa wakati ule ule. Alisema polepole, "Piza yangu ina gamba gumu, binti. Na nyanya nyingi. Mngoje tu tambi."

"Hapana, piza inatosha."

Mama hakunitazama kwa hasira. Afadhali angenitazama hivyo. Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja na kusema, "Mwenye nyumba ameshasema, Ta Fideli. Mgeni anakula anachopewa."

Alikula vipande viwili.

Alikuwa anakata kipande kidogo, anakiweka upande mmoja wa mdomo, anafumba macho, anameza kwa maji. Nilidhani anafumba macho kwa utamu. Si kweli, sikudhani hivyo. Nilitaka kudhani hivyo. Mimi nilikula vyangu upesi huku nikisikiliza ukuta. Alianza kuniambia habari ya Mama Furaha, jinsi alivyokuwa akimwita nesi "shemeji", nami nikaitikia bila kucheka, kwa sauti ya chini, ili naye apunguze yake. Akapunguza. Baadaye akaacha kabisa.

Ta Fideli alileta bakuli la maziwa ya vuguvugu ambalo hatukuliagiza. Aliliweka mbele ya Mama, akarudi kwenye tanuri lake. Mama alikunywa lote.

Tulikaa pale muda mfupi kuliko ninaokaa kwenye foleni ya maji shuleni. Ma Adventina alitokea mlango mwingine wa fundi akaenda zake upande wa soko. Hakupita. Hakuna aliyepita. Mgahawa mzima ulikuwa na sisi tu, na nilikuwa nimemficha Mama asionwe na meza tano tupu.

Tulipofika nyumbani, huku Nyanga, alinipa leso yake niifue pamoja na sare zangu. Nilipoifungua ilikuwa na damu. Haikuwa nyingi. Alikuwa ameikunja vizuri, damu ikiwa ndani, ili nisiione mezani.

Niliifua kwa maji baridi. Nilisoma mahali kwamba damu haifuliwi kwa maji ya moto. Najua mambo mengi ya namna hiyo.

Kesho anarudi Mwanza. Daktari alimwambia kwamba safari hii watapima kwanza, ndipo waamue kama kuna haja ya kuendelea na dawa. Mama aliponieleza alisema "kama kuna haja", nami nikasema nitamfungia nguo za baridi. Inawezekana jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Siku ya kukaa bila kufukuzwa. Na aliyemfukuza ni mimi.

Asubuhi nilimpelekea maji ya chumvi ya kusukutulia. Nilikuwa nimejipanga kusema yote, nilikuwa hata nimeyaandika pembeni mwa kitabu cha jiografia. Nilisema, "Mama, jana..."

"Jana ulikuwa na haraka," alisema. "Nilikuona."

Akasukutua, akatema kwenye beseni.

"Mimi sikuwa nayo."

Hakusema amenisamehe na sikumwomba. Nilibeba beseni nikatoka, na sijui nilisimama muda gani pale nje mvua ikininyeshea.

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki.

Mvua ilipoacha nilikwenda dukani nikanunua pakiti ya tambi na maziwa. Si kama za Ta Fideli, ni zile nyembamba za dukani. Nilizichemsha mpaka zikawa karibu na uji, nikatia maziwa, nikaacha zipoe, nikaonja kwa ulimi kama anavyoonjewa mtoto mdogo. Kisha nilitoa viti viwili na kistuli nikaviweka barazani, upande unaotazama barabara. Ni barabara ambayo watu wote wa kanisani kwetu huitumia kurudi makwao. Nilikuwa nimesikia kengele ya kumaliza ibada.

Nilimshika Mama mkono. Alipoona viti vilipo, alisimama mlangoni.

"Hapa nje, Koku? Watu watatuona."

"Ndiyo, Mama."

Alikuwa hajafunga kilemba. Alijigusa kichwani, akafikiri, akaketi hivyo hivyo.

Nilileta kikapu cha kahawa nikamgawia. Tukaanza kula, kwa vijiko, polepole. Alikula kijiko, akapumzika. Nilimwomba anisimulie tena habari ya Mama Furaha na nesi. Alisimulia kwa sauti yake ya kawaida. Watu walianza kupita, wengine walisalimia wakitazama chini, wengine walisahau kusalimia. Niliitikia kila aliyesalimia.

Mama alikula vijiko saba. Cha nane alikirudisha, akasema tumbo limekataa, lakini tusiondoke.

Tulikaa.

Ma Adventina alitokea kwenye kona akiwa na sare yake mpya. Alipomwona Mama kichwa wazi alipunguza mwendo, akasimama barabarani, kitabu cha nyimbo kifuani.

"Tumewakosa kanisani," alisema, akinitazama mimi badala ya Mama.

"Mama anaumwa saratani," nilisema. Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga. Waliokuwa nyuma yake waliisikia. "Kesho anarudi Mwanza. Karibu, Ma Adventina."

Ma Adventina alisogea hadi ukingo wa baraza. Mama alikuwa anatazama migomba, midomo ameifumba, na sikuweza kujua kama nimemkosea tena.

Kisha Mama alikisukuma kikapu cha kahawa upande wangu.

Nikaingia ndani kuleta kiti cha tatu, nikakiweka kando ya Mama, nikamgawia Ma Adventina punje mbili.