Akiwa Juu, Haitwi Jina

Shabani, mume wangu,

Mie nawe bado hatujamalizana. Binti yetu Mwanaidi alipojifungua, ukang'ang'ania mtoto apewe jina lako. Nikakukataza. Jina la mkwezi wa minazi si la kumtwisha mtoto. Ukacheka: "Mwanamke we, una maneno!" Na jina ukampa. Haya, njoo uyaone maneno.

Huyo mjukuu wako, aliyekulia Ulaya kwa baba yake, kesho anashindana kwenye michezo ya dunia ya msimu wa baridi. Wanaume wanashuka mlima wa theluji kwa mbao mbili miguuni, mbio kuliko gari. Bendera yetu kaivaa. Fahari ninayo, sikufichi. Mbweni nzima inaniamkia kwa adabu, hata yule jirani aliyejenga ukuta palipokuwa na minazi yako. Wameikata yote. Umebaki ule uliokuangusha, huo nimewakatalia.

Juzi nimeoneshwa mazoezi yao kwenye simu. Mlima mweupe kama sanda mpya. Kijana mmoja kateleza, kapinduka kichwa chini miguu juu, wavu ukamdaka, helikopta ikambeba. Hawakungoja hata kidogo, wakamsimamisha mwingine pale juu. Nikampigia mjukuu wako.

"Shikamoo bibi! Usiogope, mie nashuka, sipandi."

Nikamwambia, hata babu yako alikuwa anashuka.

Hujasahau. Umefika katikati ya mnazi ukishuka, shemeji yako yule mpumbavu akaingia uani anapaza sauti: "Shabani! Mgeni wako nimefika!" Mtu akiwa juu haitwi jina, kila mtoto wa hapa anajua. Ukageuza shingo. Basi.

Sasa vijana wa kibanda cha video wamekodi matarumbeta. "Bibi, tutamwita Shabani mpaka theluji iyeyuke!" Nikawaambia itayeyuka akili yenu, kama mnayo. Wanasema Ulaya mbali, hatasikia. Nimechukua waya wa spika yao, nimeukalia. Kesho watatazama kimya kama wako mazikoni... Astaghfirullah. Mkono wangu huu, unaandika nini!

Lakini hao siwaogopi. Ninayemwogopa ni wewe. Tangu juzi, nikisinzia baada ya adhuhuri, nakusikia uani unaita, "Shabani... Shabani..." Polepole, kama mtu aliyechoka kukaa peke yake. Kwanza nilidhani unajiita mwenyewe. Jana dafu limeanguka kutoka kwenye ule mnazi, na upepo haukuwepo.

Upweke naujua, mume wangu. Kitanda chetu kipana mno kwa mtu mmoja. Ukitaka mwenzio, niite mie, nimeishi, nimeshiba. Yule bado hata hajaoa. Akifika chini mzima, nitakuja kaburini kwako na udi na mkeka, nikae kutwa nikusimulie yote, mpaka uombe ninyamaze. Hiyo ahadi yangu, na unanijua.

Lala pema. Na kesho mtoto akiwa juu, funga mdomo wako. Usimwite.