Benchi la Kupimia Pumzi, na Wewe Hupo

Mwaka umetimia leo, Baba watoto, tangu kikohozi chako kinyamaze ndani ya nyumba hii. Zamani kilitukatisha usingizi. Sasa tunaamshwa na ukimya, na ukimya haunyweshwi maji ya uvuguvugu ukatulia.

Watoto wameniachia mimi niandike. Wanasema mama ndiye mwenye maneno. Kweli ninayo, ila niliyezoea kumwambia hayupo, kwa hiyo wasomaji wa gazeti watatuvumilia.

Ulikuwa kinyozi, na vichwa vya mtaa mzima vilipita mikononi mwako. Kikohozi kikikushika katikati ya kazi, mteja alikaa na kichwa nusu msitu nusu uwanja, akasubiri, na hakuna aliyewahi kukuhama. Watoto uliwanyoa bure shule zikikaribia kufunguliwa, kisha ukawasomea hotuba kuhusu masikio machafu. Chai yako uliinywa ikiwa imepoa kwa sababu kila mara ulikuwa na hadithi ya kumalizia. Kikombe chako bado kinaning'inia kwenye msumari wake. Sijakitoa, wala sikitumii.

Wasiotujua huuliza tulikutana wapi. Tulikutana hospitali, na siku hiyo hakuna aliyekuwa mgonjwa. Lile ghala la kemikali lilipoungua, upepo uliubeba moshi hadi upande wenu wa reli. Sisi wa upande wa pili tuliuona kwa macho tu. Baadaye madaktari waliamua kuwafuatilia waliouvuta, mwaka baada ya mwaka, wajue unawafanya nini. Na ili wajue, walihitaji pia watu wa rika lao ambao moshi haukuwafikia, wa kuwalinganisha nao. Wewe ulikuwa wa moshi, mimi wa kulinganishwa. Uliniangalia nikipuliza ile mashine ya kupimia pumzi, ukasema, "Kumbe ndio nyinyi mliotuachia moshi mkabaki na hewa!" Tangu siku ile ukaniita Ng'ambo, na hata mbele ya wakwe hukuliacha jina hilo. Tulipooana, daktari mkuu alijifanya kununa. "Nyinyi wawili mmenichanganyia watu wangu," akasema, kisha akaja harusini na kula kuliko wote.

Kila mwaka tulikwenda pamoja, tumevaa vizuri. Mashine ile haina mzaha. Unavuta hewa mpaka mwisho, unapuliza kwa nguvu, na unaendelea kupuliza hata ukihisi huna kitu tena. Ukikata mapema, inaonyesha kwamba mapafu yako ni mabovu. Mimi mvivu, ningekata kila mara. Lakini wewe ulisimama nyuma yangu ukipiga kelele kumshinda muuguzi: "Usikate, Ng'ambo! Bado ipo! Bado ipo!" Muuguzi akikukanya, ulimjibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Zamu yako ikifika, mimi nilikushika bega tu. Mstari wako kwenye kioo cha mashine ulizidi kushuka mwaka hadi mwaka. Sote wawili tuliuona, na njiani kurudi tulizungumza habari za bati linalovuja.

Siku zako za mwisho ulinishika mkono. "Nikiondoka, usiache kwenda kupimwa," ukasema. "Wewe ukikosekana, watajuaje ule moshi umeninyang'anya nini?" Nikakuahidi. Siku ile ningekuahidi chochote.

Mwezi uliopita simu ikaja, nikamwambia muuguzi siendi. Mtu wangu yuko kaburini, sasa nikalinganishwe na nani? Akanijibu taratibu, "Mama, wenzake wapo, na bado tunawafuatilia." Nikaiweka simu mezani. Binti yako mkubwa alisikia yote na hakunibembeleza. Alilipiga pasi lile gauni langu la kijani la siku za kupimwa, akalitundika mlangoni pangu, akaenda zake kazini. Kwa ukaidi huo hana haja ya kuulizwa baba yake ni nani.

Nikaenda. Benchi lilikuwa lile lile, na wenzako walewale, ila wamepungua. Kwa mazoea wakaniachia nafasi ya watu wawili. Nilikaa katikati yake nisijue niegemee upande gani.

Nilipuliza, nikakata. Nikarudia, nikakata tena. Muuguzi alitazama kioo, akaniuliza kama siku hizi kifua kinabana. "Imeshuka sana, mama. Inakaribia ya wale wa moshi." Hapo ndipo nilipotambua ninachokifanya. Nilikuwa nashuhudia kwa pumzi yangu mwenyewe kwamba ule moshi haukukuchukulia kitu. Nikaomba kurudia mara nyingine. Lakini machozi yalikuwa yameshaanza, na mtu anayelia hawezi kupuliza.

Basi yule rafiki yako fundi saa, ambaye akivuka chumba hupumzika njiani, akainuka kutoka kwenye benchi. "Shemeji, usikate!" Kikohozi kikamkalisha. Mama mmoja mshonaji akalidaka neno: "Bado ipo! Puliza, bado ipo!" Benchi zima likapaza sauti, watu wasio na pumzi ya kupanda ngazi, wakaitumia hiyo kidogo waliyonayo kwa ajili yangu. Muuguzi hakumkanya mtu. Nilipuliza mpaka tumbo likagusa mgongo, na mstari ukapanda, ukafika palepale ulipokuwa ukifika zamani.

Nikageuka nyuma ili nikuonyeshe.

Niliukuta ukuta na tangazo la kunawa mikono. Nimekaa mwaka mzima nikidhani nimeshazoea, kumbe bado. Nakukosa, Baba watoto, na nakukosa zaidi ninapokuwa na jambo jema la kukuambia.

Unakumbukwa na mimi mkeo, Ng'ambo; na binti yako wa pasi; na kijana wako aliyerithi kiti chako cha kunyolea pamoja na ile hotuba ya masikio; na wajukuu, mmoja wao akikohoa vibaya sote tunasimama; na dada yako, ambaye bado anasema ulioa ng'ambo kwa makusudi; na wenzako wote wa benchi, shemeji zangu.

Mwakani nitakwenda tena. Tutakukumbuka daima, wala hatutakata.