Vigelegele vya Mama Rehema

Alhamisi, Agosti 2004

Bado navisikia vigelegele vya leo. Mama Rehema alipanda mizani akakutwa amepungua mwezi huu kuliko miezi yote ya uji wa mtama na matembezi ya Shangani, na wenzake wa kikundi chetu cha kupunguza uzito wakamshangilia.

"Mwali huyo! Mzee atakuoa upya," wakamtania.

Alicheka. Mimi nilikuwa nimemshika mkono asiyumbe, na mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Ni vidonge vya kupunguza mwili. Mama mdogo, mwenye kikundi, ameanza kuviuza kwa sababu wanawake walikuwa wanatuhama kuvifuata madukani. Yeye huyohuyo aliyekuwa akiwaapia kwamba mwili haupunguzwi kwa kumeza.

Alasiri nilimkumbusha kuwa Mama Rehema ana presha.

"Mwanangu, umesoma, lakini watu hujawajua. Wanataka wepesi. Tukiwanyima, tunafunga."

Kikundi hiki ndicho kilichonisomesha. Niliogopa kumharibia jina mtu aliyenilea, na niliogopa zaidi Mama Rehema aanguke, na mimi nilijua, na bado nika...

Nikatoka. Nilimkuta Mama Rehema kwake Chuno, amelala sebuleni, moyo unamwenda mbio. Nilimweleza mbele ya mumewe kwamba vidonge tunavyomuuzia hatuvijui, na hata presha yake hatukuijali. Tukampeleka hospitali pamoja. Amelazwa.

Mama mdogo alinifungulia mlango akauliza nilikotoka. Nimemwambia yote, na kwamba daktari nimempa pakiti ya vidonge, na jina lake kuwa ndiye aliyeviuza.