Gari la Kijani la Daktari wa Meno

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ila goti la kushoto ni lile lile. Likiamka vizuri naamka vizuri, likinuna tunanuna wote wawili. Wifi yangu namsalimu kabla yako, maana tangu macho yako yapotee yeye ndiye anayekusomea barua zangu na kuandika majibu. Wifi, usiruke mistari.

Nimeona gari. Unajua tangu daktari wa goti aliponikataza kukanyaga klachi sijashika usukani. Miaka ishirini na sita nimeendesha basi la shule, watoto sitini, asubuhi nahesabu vichwa, jioni navihesabu tena. Nilisema nikistaafu nitatembea kwa miguu, miguu ikakataa.

Hili liko uani kwa daktari wa meno, mtaa wa pili kutoka kwangu. Lina viti viwili tu, nyuma hakuna hata pa kuweka mkoba. Paa lake ni turubai jeusi linalofunguka. Gia ni otomatiki, kwa hiyo goti langu litakaa tu kama mgeni. Limetumika, lakini limetunzwa. Rangi yake ni kijani cha chupa ya dawa ukiinyanyua kwenye jua. Daktari alilinunua wakati yeye na mkewe wako peke yao. Sasa wana mapacha, na gari limefunikwa kitambaa miezi saba.

Nililizunguka mara tatu. Nikafungua mlango, nikaufunga, ukajifunga taratibu kama mtu anayefunga kitabu alichokipenda. Sijawahi kutaka kitu namna hii tangu nilipotaka leseni.

Wewe umetengeneza magari miaka thelathini. Niambie nitazame nini.

Dada yako


15 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Macho ni kama ulivyoyaacha: mwanga wa dirishani nauona, uso wa mtu siuoni. (Wifi, leo amenyoa ndevu, baada ya kubembelezwa siku tatu. Ni mimi mwandishi.)

Barua yako imenichekesha. Kwa umri wako, na paa la kufunguka! Watasema mama wa basi amerukwa na akili. Utabeba nini humo, zaidi ya goti lako? Haya, nimeshasema yanayotakiwa kusemwa na mtu mwenye busara. Sasa sikiliza.

Nenda asubuhi kabla hajaliwasha, uweke kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, amekuandalia, na ujue anaficha kitu. Kuna kijiti cha kupimia oili ya gia. Kichomoe, unuse. Inukie oili tu. Ikinuka kama mkate ulioungua, aga urudi nyumbani. Ukikanyaga breki na kuingiza gia, lishike mara moja, lisikae likifikiri. Paa la turubai lina vijia vya maji pembeni, na vikiziba maji yanaingia chini ya kapeti na kuoza huko bila mtu kujua. Kwa hiyo kaa ndani, funga paa, mwambie mtu amwage maji juu. Halafu uendeshe, usikilize kila gia inavyoingia, uniandikie usichoelewa.

(Wifi, haya yote ameyasema amesimama. Tangu gereji yake ifungwe mwaka jana sijamwona akisimama kuongea.)

Mdogo wako


28 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama, na ndevu zimebaki zilivyo.

Nilifika saa moja asubuhi. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe la kaburi. Daktari alitoka na kikombe cha chai, akanikuta nimeinama nanusa kijiti chake. Akaendelea kunywa chai yake. Nadhani mtu anayeshinda akichungulia vinywa vya watu hashangai upesi. Oili ilinukia oili, ingawa imekuwa nyeusi kidogo.

Nilipomwambia habari ya vijia vya maji alisema hajawahi kujua kama vipo. Akaenda kuleta kile kioo chake kidogo chenye mpini, cha kutazamia meno ya nyuma, tukamulika kwa tochi pembeni mwa paa. Kijia cha kulia kilikuwa kimejaa majani makavu. Akayatoa moja moja kwa koleo lake, taratibu, karibu anilize kwa jinsi alivyokuwa mpole.

Kisha nikakaa ndani na mkewe akamwaga maji kwa ndoo ya kumwagilia maua, huku amebeba pacha mmoja mgongoni. Nilisikia maji yakipiga turubai juu ya kichwa changu na sikulowa hata tone. Nikakaa kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kulifungua paa ni vibano viwili na kitufe kimoja. Linajikunja lenyewe nyuma yako, kama mtu anayekunja shuka na anajua kazi yake. Ghafla unabaki wewe na mbingu.

Tukaenda hadi kwenye mzunguko na kurudi. Usukani mwepesi, ukiugusa gari limeshaelewa. Nimezoea basi, mdogo wangu, unaomba kona dakika nzima kabla hujaipata. Jambo moja tu. Likitoka gia ya pili kwenda ya tatu linashtuka, kama mtu aliyeguswa begani akiwa kwenye mawazo. Likishapata moto mshtuko unapungua, lakini hauishi. Ni nini?

Dada yako


6 Aprili

Dada, shikamoo.

Mshtuko huo unaweza kuwa oili iliyochakaa tu. Unaweza pia kuwa sahani za ndani, zile zinazoshikana gia ikibadilika, zimekwisha, na hapo umenunua pambo la uani. Zamani ningeweka mkono juu ya gia boksi likiwa linakwenda, na kabla ya kona ya kwanza ningekuambia. Sasa unaniuliza kwa karatasi, namsikiliza mtu anayenisomea karatasi, halafu niamue juu ya akiba yako yote ya kustaafu. Siwezi. Usilinunue.

Kama ni lazima, mwambie fundi afungue sahani ya chini ya gia boksi, ile inayokaa oili, mbele yako. Ndani kuna sumaku. Pitisha kidole. Ukikuta unga mweusi laini kama masizi, ni uzee wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyokuchoma, ondoka.

Lakini tafuta fundi wa huko. Mimi si fundi tena. Mimi ni mtu anayekaa kwenye kiti. Usiniulize tena habari za magari.

Mdogo wako

(Amesema niandike hivyo hivyo. Nimeandika.)


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Wiki ya nane hii hatujapata neno lako. Huko ni salama? Goti?

Kama ni ile barua yangu, nilikuwa na siku mbaya. Kama umelinunua likakufia njiani, sema tu, sitakucheka. Kama hukulinunua kwa sababu yangu, hilo ndilo linalonikosesha raha.

(Wifi, kila anaposikia mtu wa barua ananiuliza kama mwandiko ni wako. Juzi aliniuliza pia kama gari la kijani linachafuka upesi. Nikamwambia sijui, tumuulize mwenye nalo.)

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa kimya. Mimi ni mzima. Nilikukasirikia. Nilikasirika wiki mbili kamili, halafu nikawa na shughuli.

Nilimpelekea daktari barua yako, nikamsomea sehemu ya sumaku. Akakubali. Tukalipeleka kwa fundi wa karibu na stendi, kijana mzuri, lakini alipotuona tunasoma maelekezo kwenye karatasi akatabasamu kwa pembeni. Alipofungua ile sahani nikamwomba asiguse. Nilivua pete, nikapitisha kidole kwenye sumaku, polepole, mara mbili, kama ambavyo ungefanya wewe. Ulikuwa unga. Laini, mweusi, ukaingia kwenye mistari ya kidole ukakaa humo. Haukunichoma popote. Yule fundi aliacha kutabasamu, akauliza nani aliandika ile barua. Nikamwambia ni mdogo wangu, fundi. Akaomba anakili ule ukurasa.

Nikalipa, tukabadilisha oili na chujio. Mshtuko ulibaki siku tatu, nikafikiri nimekwisha. Siku ya nne, naenda sokoni, gia ya tatu ikaingia na sikuisikia. Nikarudi nyuma mtaa mzima ili niisikie tena isivyosikika.

Ni langu. Daktari aliponikabidhi funguo aliliaga kwa kulipapasa usukani, mkewe akacheka, kisha na yeye akalipapasa.

Wewe unasema ni mtu wa kwenye kiti. Sijui. Mimi nilikuwa na kidole tu. Kichwa kilikuwa chako.

Sikulinunua kwa ajili yako, usije ukajidanganya. Nililinunua kwa sababu nalipenda. Lakini lina kiti cha pili, na goti limeruhusu safari ndefu. Nitafika kwenu tarehe thelathini. Wifi, tafuta kitambaa cha kichwa kinachofungika vizuri.

Dada yako


3 Julai

Dada,

Utakuta mistari inapandana. Naandika mwenyewe, nimeweka rula kwenye karatasi na kuisogeza kwa kidole. Mwandishi wangu umemchukua asubuhi hii, mmekwenda kuzunguka, na kuna mambo siwezi kumtamkia ayaandike.

Siku ile ulipofika nilisema nitalisikiliza nikiwa mlangoni. Ukaniambia, "Mlangoni husikii gia. Panda." Hukunishika mkono. Ulifungua mlango wa gari, nikautafuta mwenyewe. Sikuwa nimevuka kizingiti cha nyumba tangu gereji ifungwe, miezi kumi na moja, na wewe hukulisema hilo hata mara moja.

Niliweka kiganja kati ya viti, juu ya gia boksi. Moja, mbili, tatu. Mashine ile ina afya, dada. Ina miaka mingi mbele. Nilitaka kukuambia papo hapo, lakini ndipo ulipofungua paa.

Ndani ya nyumba nina mwanga mmoja, wa dirishani, na nimeutazama mpaka nimeuchoka. Pale barabarani ulikuja kutoka kila upande. Tulipopita chini ya miti niliona: mwanga, kivuli, mwanga, kivuli, upesi, mmoja nyuma ya mwingine, na nilijua tunakwenda haraka kwa sababu nilikuwa naona. Niliona, dada. Ulidhani nimenyamaza kwa sababu ya upepo.

Nimekuwa nikikusifu kwa watu miaka yote hii, kuwa dada yangu anaendesha basi. Wewe mwenyewe sijawahi kukuambia. Unaendesha vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kukaa naye garini, na nimekaa na wengi. Na mke wangu, aliyeandika maneno yangu mabaya bila kubadilisha hata moja, na mazuri akayaongezea, sijui nianzie wapi. Nitaanza leo akirudi.

Yule jirani aliyetusimamisha njiani siku ile kulitazama gari lako, lake linagonga gonga mbele. Nimemwambia alilete Jumatatu, nilisikilize.

Barua hii naitia kwenye mkoba wako uliouacha hapa ndani, uisome ukishafika kwako. Nifanye upesi. Mmeingia mtaani, sijasikia injini bado, nasikia mke wangu anacheka, kicheko kile cha zamani cha kichwa nyuma. Sijui umemwambia nini. Nakunja karatasi.

Mdogo wako, fundi