"Jiko Limepoa" Si Wimbo wa Wazee

Miyuji, Dodoma
Jumapili, baada ya misa

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakupigia magoti kama ulivyonizoesha, ingawa leo naandika moyo umevimba. Mnaamkaje huko Mbinga? Kifua chako na baridi ya milimani vinaelewana? Kahawa imeiva, au bado inawazungusha? Mimi mwili mzima, siumwi homa wala jino. Ninachoumwa ni hasira, baba, na sitaificha. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ukiniita "mwanangu" mara moja tu, nanyamaza. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Unajua kwamba siku za kazi nasuka nywele saluni, hapa Area D, na Jumamosi naimba kwenye harusi na sendofu. Basi, wiki iliyopita namsuka mteja, mke wa mtumishi mmoja wa serikali, redio inalia. Mara nasikia: "Jiko limepoa, nani atawasha..." Baba, ule wimbo! Ule niliotunga nimekaa jikoni kwetu siku tuliyomzika mama, ninyi mko nje na waombolezaji, majivu yamelala mekoni. Nikasubiri walitaje jina lake, maana wimbo mzima unamwita kwa jina. Hawakusema Anastazia. Kumbe ni tangazo: penye jina la mama wameweka jina la gesi ya kupikia. Na mwishoni kuna mtu anacheka.

Mteja wangu akaanza kuufuatisha. "Huu wimbo wa gesi mtamu, dada. Umenikaa kichwani."

Nikamvuta nywele mpaka akapiga ukelele. "Uuwi! Unaning'oa?"

Nikamwomba radhi, nikamwachia mwenzangu amalizie, nikatoka na kitana mkononi. Nikaenda moja kwa moja kwa Deo, mwenye studio iliyo mtaa wa pili, yeye ndiye aliyenirekodia wimbo huo. Hata salamu sikumpa.

"Deo, mama yangu umemgeuza mtungi wa gesi?"

Wala hakushtuka. "Dada Editha, kaa kwanza. Ule si wimbo wa asili? Wimbo wa asili hauna mwenyewe. Kampuni ilitaka kitu chenye ladha ya nyumbani, nikawapa."

"Nani alikwambia ni wa asili?"

"Wewe."

Akawasha kompyuta. Nikajiona, baba, siku ile tulipomaliza kurekodi, jasho linanitoka. Deo yuko nyuma ya kamera, anauliza, "Wimbo mzuri kweli, umeutunga mwenyewe?" Na mimi, mtoto uliyemlea wewe, nikainamisha kichwa nikajibu, "Hapana kaka, si wangu, ni wa wazee wetu."

Sasa nani asiyejua maneno hayo kwetu? Ukisifiwa shamba, ni la wazee. Ukisifiwa mtoto, ni wa wazee. Nilipokuwa mdogo ulinichapa kwa kuwaambia wageni kwamba mkeka waliokalia nimeusuka mimi. Ukasema anayejitaja anajitafutia kijicho. Nikashika. Ni adabu tu, kama mtu anayekwambia "karibu tule" na sufuria ni tupu. Deo anaijua adabu hiyo, hakuzaliwa Ulaya yule! Ameyachukua maneno yangu kama yalivyo, akaenda kuuza wimbo.

Nikaenda ofisi inayoshughulikia hakimiliki. Nikampata dada mmoja, sura ya upole, ulimi wa pilipili. Akaniuliza kama tuliandikiana chochote na Deo kabla ya kurekodi. Hatukuandikiana. Akaniuliza kama niliusajili wimbo. Sikuusajili.

"Na hiyo unaiita kazi?" akasema. "Mteja wa nywele unapatana naye bei kabla hujashika kitana. Wimbo wako mwenyewe unaingia nao studio mikono mitupu, unatoka unashukuru?"

Nilimkasirikia, lakini lipi nimbishie? Alipoona machozi yananilenga akalegeza sauti. Akasema wimbo ni wa aliyeutunga tangu siku alipoutunga, hata kama hakuusajili. Ila ukizuka ugomvi, lazima ionekane kweli ni mimi niliyeutunga. Nina shahidi? Baba, nilikutaja wewe kifua mbele.

Akamwita Deo. Deo akaja anatabasamu, simu mkononi. Akabonyeza, nikasikia sauti yako. Kumbe alishakupigia, kwa namba niliyompa mwenyewe siku aliyotaka ya mtu wa nyumbani. Anakuuliza kuhusu "Jiko Limepoa," nawe unamjibu, "Aa, bwana, hizo ni nyimbo za wazee wetu tu. Watoto wanaimbaimba." Ukacheka kile kicheko chako cha kupokelea wageni.

Baba! Wazee gani? Wewe ulikuwepo! Ulikuja jikoni ukanikuta naimba, ukasimama mlangoni mpaka nikamaliza, ukaondoka bila neno. Wazee gani hao waliojua kwamba mama alikuwa akiwasha moto kwa maganda ya kahawa huku akimtukana paka? Yote hayo yamo kwenye wimbo!

Mama Nyemo, mwenye nyumba wangu, ni Mgogo wa Bahi, kwao wanalima mpunga na kufuga. Nilipomsimulia hata pole hakunipa. "Wee mwana, mpunga wako ukiuita majani, usilie ng'ombe wa watu wakiingia." Nikamnunia siku mbili. Nilitaka anionee huruma, akaniambia ukweli.

Nina hasira na Deo, nina hasira na kinywa changu, na nina hasira na wewe. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa nisikilize. Yule dada wa ofisini atakupigia wiki ijayo, mimi na Deo tukiwa tumekaa mbele yake. Swali ni moja: wimbo huu ni wa nani? Nakujua. Utakohoa, utasalimia ofisi nzima, halafu ulimi utakimbilia kwa wazee. Usithubutu! Usiseme watoto wanaimbaimba. Usiseme mtunzi ni Mungu. Ukisema hivyo mama atabaki kuwa gesi, asubuhi na jioni, na mimi sitakuwa na pa kushika. Hujawahi kunisifu mbele ya watu, wala sikukudai. Siku hiyo nisifu. Nisifu mpaka wakuone mzee asiye na adabu.

Msalimie kaka na mkewe, waambie mtoto nimemwona kwenye picha, pua ni ya mama. Msalimie shangazi anayekupikia, na umwombe tangazo lile likianza azime redio. Padre naye mpe salamu, aniombee nisimpige mtu.

Ni mimi mwanao, niliyetunga "Jiko Limepoa" kwa ajili ya mkeo,

Editha