Gitaa Lako Liko Begani kwa Kaka Yako

Mjukuu wangu Kibiriti,

Usivae begani hilo gitaa lililo kitandani! Si lako. Kaka yako kabeba lako asubuhi, mbio mbio kama anafukuzwa. Nikamwambia, "Wewe, angalia vizuri." Akanijibu, "Bibi nawe! Yote mekundu, yote ya muundo wa zamani. Ni yale yale."

Yale yale!

Kitendawili (sema tega): mapacha wawili shati moja, mmoja kala pamba, mwenzake kala mawe. Mimi nayanyanyua kila nikifagia, najua. Lako jepesi, na ncha ya uzi inazama katikati ya kile kifunguo cha kukazia nyuzi. Lake zito kama mfuko wa simenti, uzi unapenya ubavuni mwa kifunguo, tena lina kile chuma cha kutikisia sauti. Rangi moja si mti mmoja. Lakini nani amsikilize bibi?

Simu kazima. Nimemfuata huko anakofanyia mazoezi na wenzake, na goti langu hili.

Chai iko kwenye chupa. Kunywa dawa ya bega kwanza.

Najua leo bendi inachagua mpigaji, na wanataka mtu apige amesimama. Nikichelewa, ~~vaa hilo hilo, Mungu yupo~~ hapana. Daktari kakataza uzito kwenye bega hilo. Nenda nalo, ila ulipakate, upige umekaa. Wakiguna, waulize wanatafuta vidole au miguu.

Bibi yako, ambaye leo hampikii kaka yako; atajipikia mwenyewe.